Nilimutuma Assani Akachanjwe kwa Jina Langu

Vijana wangu, ninawasikia. Munapita hapa Wamaza na baisikeli zenu, munakwenda Salamabila kutafuta kazi ya dhahabu, na munaimba wimbo wa Yuma. Yuma alitafuna risasi kama karanga. Yuma alivuka muto Luama bila mutumbwi. Yuma aligeuka chui mbele ya askari.

Mutu aliyetunga wimbo huo hakulala njaa na sisi hata siku moja. Yuma hakugeuka chui. Yuma alikuwa anaharisha. Kila mara askari wakikaribia, tumbo lake lilifunguka, na watu wa kambi wakimuona anakimbilia kichakani walianza kufunga mizigo bila kuuliza. Hatukuwa na mulinzi mwingine mwenye akili kama lile tumbo. Naweza kulisema vizuri kwa sababu lilikuwa tumbo langu. Yuma ni mimi. Jina munaloniita sasa lilinifikia baadaye, na nitaeleza lilivyonifikia.

Kusoma sikusoma. Herufi nilizipata katika buloko ya Kasongo, kwa katekista mumoja tuliyefungwa pamoja, alikuwa anaziandika kwa mukaa ukutani. Kwa hiyo mukiona maneno yangu yanapinda, chekeni, lakini chekeni kidogo.

Kazi ya komanda wa pori ni woga. Ninyi munafikiri ni bunduki. Bunduki tulikuwa nazo kiasi, albini za Bulamatari, Wazungu wa serikali, na magobori ya wazee, na nusu yake hazikulia. Baruti ikinyeshewa mvua mara moja imekuwa majivu, ndiyo maana tuliiweka ndani ya kibuyu na kuziba mudomo wake kwa nta ya nyuki. Lakini woga haukunyeshewa. Woga uliamka mbele yetu na ulilala nyuma yetu. Uliogopa moshi, kwa hiyo tulipika alfajiri tu, wakati ukungu wa bonde unafanana na moshi. Uliogopa kinu, kwa sababu kinu kinasikika mbali kuliko bunduki, kwa hiyo wanawake walitwanga muhogo ndani ya shimo, na chini ya kinu walitandika maganda ya migomba.

Uliogopa na jogoo. Tulipohama, wanawake walibeba kuku wao, na mimi nikatoa amri: kuku jike sawa, jogoo achinjwe. Mama mumoja, Mama Zaina, akanifuata na jogoo wake kwapani.

"Mukubwa," akasema, "unaogopa albini, nakubali. Unaogopa Muzungu, nakubali. Leo umefika kwa bwana ya kuku?"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Halafu yeye akanifundisha kitu ambacho hakuna askari aliyenifundisha. Jogoo hawezi kuwika bila kunyoosha shingo. Akamusukia kitundu kifupi, kila akitaka kuinua kichwa kinagonga juu, anameza sauti yake. Tulitembea naye miezi mingi na hakuwika. Mara nyingi nilikaa nikamuangalia yule jogoo ndani ya kitundu chake, na sikucheka.

Sasa niseme nilivyoipata kazi. Ilitoka kwa Sumaili, na jina lake nalitaja wazi. Sumaili, kapita, musimamizi wa wapagazi, mutu wa Kasongo. Amekufa kitandani kwake, amevikwa sanda nyeupe, watu wamekula wali wa matanga siku tatu. Mimi sikwenda.

Ilikuwa wakati wa vita ya Wazungu kwa Wazungu, Bulamatari alipotaka watu wa kubeba mizigo kutoka Kasongo mpaka Kabambare, na kutoka Kabambare mpaka kwenye ziwa. Sumaili alikuja kwetu na kamba. Alifunga watu shingo kwa shingo, muji kwa muji, maana alisema watu wa lugha moja wanatembea vizuri pamoja. Hivyo alitutengenezea jeshi yeye mwenyewe bila kujua. Kaka yangu Kisubi alikuwa mbele yangu kwenye kamba. Alikuwa na homa tangu Kasongo, na sanduku kichwani. Siku ya sita akapiga magoti, akalala kifudifudi, akaisha. Sumaili akarudi nyuma kuangalia kitu gani kimesimamisha mustari.

"Mukate kamba mbele na nyuma," akasema. "Muzigo wake Yuma aweke juu ya wake."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mutu anayepanga viazi. Nilibeba masanduku mawili mpaka kijito cha kwanza, nikayaweka chini. Nyuma yangu watu kumi na mumoja wakaweka yao. Sikuwa nimewaambia neno. Tulipopasua masanduku tukakuta bunduki na risasi, na askari wawili waliotulinda wakakimbilia mbele kwa Sumaili. Hakuna aliyenichagua kuwa mukubwa. Nilikuwa tu mutu wa kwanza kuchoka.

Kulikuwa na mupagazi mwingine pale, Mukusu, mutu wa kabila lingine, sijui alivyochanganyika na sisi Wabangubangu. Akasema, "Nichukueni na mimi." Tukamujibu kwa Kibangubangu, tukijua hasikii, na tukacheka, maana tulikuwa tumeishakuwa wakubwa tangu dakika kumi. Akabaki njiani na sanduku lake. Askari waliporudi wengi, walimukuta yeye peke yake. Tulisikia kwa mbali. Hilo nalo mulitie katika wimbo.

Mwalimu wangu alikuwa Muzee Feruzi. Alibeba bunduki ya waungwana, watu wa Waarabu, zamani, kabla Bulamatari hajafika Nyangwe, alikuwa na jicho moja na kikohozi. Alitukuta milimani tukiwa tumekula mbegu zetu zote, akatuangalia, akasema, "Ninyi ni jeshi ao ni wagonjwa?" Akakaa na sisi mpaka kikohozi kilipomuua.

Yeye alinionyesha mupaka. Huko juu kuna kijito chembamba, mutoto anaruka bila kulowa. Upande mumoja ilikuwa nchi ya wakubwa wa Kasongo, upande mwingine nchi ya wakubwa wa ziwa. Askari wa Kasongo wakifika kwenye kijito walisimama, maana ng'ambo si yao, na barua ya kuomba ruhusa ilichukua mwezi. Askari wa ziwa vilevile. Sisi tulikaa palepale, tukiruka huku na kule kama panzi. Mara moja tuliwaona askari wa pande zote mbili wamesimama, hawa huku na wale kule, wanatukanana juu ya nani ametuachilia, na sisi tuko ndani ya magugu katikati yao, tumeziba midomo. Wenzangu walikuwa wanajizuia kucheka. Mimi nilikuwa nashika tumbo.

Na Feruzi alinifundisha habari ya uso.

"Yuma, jina lako litembee," akasema. "Uso wako ukae. Siku watakapojua uso, kila muji uliokupa ugali utachomwa juu ya uso huo."

Nilimusikiliza sana, kwa sababu lilikuwa neno la busara na tena lilinipendeza. Munaona ubaya wa neno la busara? Linaweza kumufaa mwoga. Tangu siku ile nilitembea katikati ya wabebaji, na kikapu kichwani, nguo za magome. Tukiingia katika muji, mwingine alitangulia na kusalimiwa kama Yuma. Sultani wa muji mumoja alinipiga teke kwa sababu nilisimama mbele ya mugeni wake mukubwa. Nilisema asante.

Aliyetangulia mara nyingi alikuwa Assani. Kijana murefu, Muislamu wa kwetu, alikuwa na sauti ya kukaa mbele za watu. Hakuwa na woga mwingi. Akiulizwa, "Wewe ndiye Yuma?" alikuwa anajibu, "Watu wanasema hivyo," na baadaye tunacheka wote wawili.

Basi tulihitaji Luama. Bila kuvuka Luama jeshi letu lilikuwa panya ndani ya chupa. Na mwenye mitumbwi pale tulipoweza kuvuka alikuwa Sultani Lukamba, mutu munene, muchekaji, anayependa samaki na bibi zake wawili. Alituma neno: nitavusha watu wa Yuma, lakini kwanza Yuma aje tuchanjane.

Ninyi vijana munasikia habari ya kuchanjana kwa wazee tu, kwa hiyo nieleze. Watu wawili wanakaa kwenye mukeka mumoja, miguu imegusana. Kuku anachinjwa, ini lake linachomwa. Kila mumoja anachanjwa kidogo chini ya titi la kushoto, damu ya huyu inapakwa kwenye nusu ya ini, anakula yule, na damu ya yule anakula huyu. Wakati wanatafuna, mutu wa tatu anasimama juu yao, anapiga kisu kwa kisu na kusema masharti. Ndugu yako akija na njaa, umupe. Ndugu yako akiomba kitu, usimukatalie. Ukimutoa ndugu yako kwa adui, tumbo lako lijae maji na lipasuke, na asiwepo wa kukuzika. Mutu akishakula ini hilo, amekuwa ndugu kuliko aliyezaliwa tumbo moja. Kisubi nilizaliwa naye tu.

Nilipopata lile neno la Lukamba, sikulala vizuri. Niliwaza: je, ni mutego? Je, kwenye mukeka atanishika? Nikamuita Assani.

"Utakwenda wewe."

Akaniangalia. "Kusalimiwa, sawa, Mukubwa. Lakini hii ni damu. Damu haina mujumbe."

"Jina litakalotajwa ni langu."

"Jina halitafuni ini," akasema. Feruzi alikuwa amekufa mwezi uliopita, na labda angenizuia. Assani alikwenda kwa sababu nilimuamuru.

Nilikuwapo. Nilisimama nyuma ya mukeka na kikapu changu kichwani, kati ya wabebaji, nikaona kisu kinapita kifuani kwa Assani. Lukamba alikuwa anatania wakati anachanjwa. "Polepole, huyo mwenye kisu ananipenda sana, anataka kuniona ndani." Halafu ini likaja, akanyamaza, akalitafuna huku anamuangalia Assani machoni kama mutu anayehesabu nyota. Assani naye alitafuna. Mwenye visu akasema, "Lukamba na Yuma." Nilisikia jina langu likipita pale kama jina la mutu wa muji mwingine. Na nitawaambia kweli: nilifurahi. Nilisema moyoni, Yuma, una akili.

Mwaka mumoja tulivuka Luama tulivyotaka. Lukamba alimupenda Assani. Alimutumia samaki wa kukausha, alimuita "damu yangu", na mara mbili alimuonya askari wanapita wapi. Nilikula wale samaki.

Halafu kule Kabambare akaja mukubwa mupya, Muzungu. Jina lake la kwao sikulijua, sisi tulimuita Bwana Polepole, juu ya sauti yake. Hakupiga kelele hata mara moja. Alikuwa anaongea na mutu mwenye kamba shingoni kama anamuuliza habari za shamba. Yeye ndiye aliyeandikiana na wakubwa wa ziwa, na siku moja askari wa Kasongo walifika kwenye kijito chetu na hawakusimama. Waliruka. Mutoto anaruka bila kulowa, nilisema. Siku hiyo tulipoteza watu saba na kibuyu cha baruti, na kitundu cha jogoo kilibaki nyuma pamoja na Mama Zaina.

Tukashuka kuelekea Luama. Hatukuwa jeshi tena. Tulikuwa wanaume ishirini na wanawake na watoto zaidi ya hao, miji yao imechomwa, wametufuata kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Ilikuwa masika, muto umejaa, rangi ya udongo, unabeba miti mizima. Askari walikuwa nyuma, siku moja, siku moja na nusu. Watoto walikuwa wanakula majani. Tukakaa ndani ya matete, nikamutuma Assani atangulie kwa ndugu yake.

Alirudi jua likiwa juu ya kichwa. Akakaa karibu nami bila kuniangalia.

"Mitumbwi iko?"

"Iko minne."

"Na Lukamba?"

"Lukamba yuko. Bibi zake ndio hawapo. Bwana Polepole amewachukua, wamefungwa kamba Kabambare, mbele ya nyumba ya askari, kwenye jua. Amesema: Yuma kwa bibi wawili. Ametoa siku tatu. Leo ni ya pili."

"Lukamba amesemaje?"

Assani alivunja tete moja, akaanza kulichana. "Analia, Mukubwa. Amesema, 'Ndugu yangu, wewe unajua siwezi kukutoa. Nimekula damu yako. Afazali Yuma angekuwa mutu mwingine, ningekuwa nimemufunga tangu jana.'"

Akamaliza kulichana tete. Halafu akarudia, sauti ya chini, "Mutu mwingine. Amesema hivyo." Na hapo ndipo aliponiangalia.

Hakuniomba. Nataka mujue hivyo. Alikuwa mujumbe, alileta maneno, akayaweka mbele yangu kama mutu anavyoweka chakula na kurudi nyuma. Na mimi nilikuwa naelewa vizuri. Nikisimama, nikienda kwa Lukamba, nikisema mimi ndiye Yuma, sikuchanjwa na wewe, basi Lukamba yuko huru. Ananifunga bila dhambi, bibi zake wanarudi, watu wanavuka, na Assani anavuka nao. Kila kitu kilikuwa kinangoja neno moja, na jina langu ni fupi kuliko majina yote ya kwetu.

"Wewe unafikiri nini?" nikamuuliza. Hiyo ni mayele, ujanja wa wakubwa. Ukiogopa, uliza shauri.

"Nafikiri watoto wamekula majani siku nne."

"Ngoja niwaze."

Akangoja. Nikawaza mpaka kivuli cha tete kikatoka kwenye goti langu kikafika kwenye mukono. Sikuwa nawaza. Nilikuwa naangalia kivuli.

"Tumbo lako liko namna gani?" Assani akauliza.

"Limefunguka."

Akacheka kidogo, kwa pua. "Basi pumzika, Mukubwa," akasema, na akasimama.

Tulimufuata wote mpaka kwenye maji. Lukamba alikuwa amekaa juu ya mutumbwi uliopinduliwa, amekonda kwa siku mbili kama mutu aliyeugua mwaka. Nilisimama hatua kumi kutoka kwao, na kikapu changu. Nilisikia yote.

"Damu yangu," Assani akasema, "mutu uliyechanjana naye akikuomba kitu, unaweza kumukatalia?"

"Siwezi."

"Basi naomba. Uvushe watu hawa wote, mpaka mutoto wa mwisho na mwanamuke wa mwisho, sitaki abaki mutu. Halafu unifunge, unipeleke Kabambare kesho kabla ya jua kuwa kali."

Lukamba akateremka kwenye matope. "Usiniombe hilo, Yuma."

"Nimeishaomba."

"Tumbo langu litapasuka."

"Nikikuomba mimi mwenyewe hujanitoa. Umenipeleka mahali ninapotaka kwenda. Kama kuna wa kupasuka, si wewe."

Hapo hakugeuka kuniangalia. Ningependa angegeuka. Miaka yote hii nimetafuta kumukasirikia kwa kuniangalia, na hakuniangalia.

Tulivuka. Lukamba mwenyewe alikuwa anapiga kasia, machozi na mvua, kwenda na kurudi. Nilivuka mapema kuliko wanawake fulani. Kutoka ng'ambo nilimuona Assani amechutama kwenye maji, ananawa mikono, uso na miguu, anafuata utaratibu wake kama mutu anayejua ana wakati.

Wanasema kule Kabambare Assani alisimamishwa sokoni, mchana, watu wameitwa waone. Bwana Polepole akamuuliza kwa sauti yake ya upole, "Wewe ndiye Yuma?" Na Assani, wanasema, akatabasamu, akajibu, "Watu wanasema hivyo." Wakamutundika. Bibi wawili wakafunguliwa. Bibi mukubwa alikuwa ameisha kwa jua na kiu, alikufa njiani kabla ya kuona Luama. Mudogo alifika.

Yuma amekufa, basi Bulamatari akaacha kutafuta. Watu wetu wakatawanyika, kila mutu kwa mujomba wake, na kazi yangu ikaisha. Nilikamatwa karibu na Nyangwe miezi mingi baadaye, si kama komanda, kama mupagazi mutoro. Karani akauliza jina. Sikuweza kusema la kwangu, lilikuwa limetundikwa Kabambare. Lililokuja mudomoni lilikuwa Assani. Akaliandika. Nilifungwa kwa jina hilo, nilioa kwa jina hilo, nalipa kodi kwa jina hilo, na ninyi munaniita Baba Assani na kuniimbia Yuma machoni.

Munataka wenye makosa? Sumaili nimemutaja. Bwana Polepole alirudi kwao, labda anawasimulia wajukuu wake habari za pori kwa sauti ileile. Lakini hao walikuwa adui zetu, na adui anafanya kazi yake. Aliyemuua Assani ni Yuma. Ninyi munaosema mukilewa kwamba iko siku mutachukua bunduki na kupanda milimani kama yeye, mujue ni nani munayetaka kufanana naye.

Kiangazi kilichopita, baada ya kusikia wimbo wenu mara nyingi, nilitembea siku tatu mpaka kwa Lukamba. Nilitaka alijue kabla mumoja wetu hajafa. Nilimukuta anasuka mutego wa samaki mbele ya nyumba. Amezeeka, macho yana utando. Tumbo lake halikupasuka, lakini muto hagusi tena. Wanasema tangu siku ile hakupanda mutumbwi.

Nilikaa. Nikamwambia, "Mimi ni Yuma."

"Yuma nilimufunga kwa mikono hii."

"Yule alikuwa Assani. Nilimutuma akae kwenye mukeka badala yangu. Niliogopa."

Aliweka mutego chini. "Fungua shati."

Nikafungua. Akapitisha kidole chini ya titi langu la kushoto, taratibu, kama mutu anayetafuta mwiba. Akapitisha mara ya pili.

"Haina kitu," akasema.

"Haina."

"Kwa hiyo siku ile alikuwako mugeni." Alikuwa hasemi na mimi. "Alikuwako mugeni wa kutoa, na mimi nikamutoa ndugu." Halafu akauliza, "Ulivuka katika mutumbwi gani?"

"Wa pili. Nilikaa mbele."

"Mwenye kikapu."

"Ndiyo."

"Nakukumbuka. Ulikuwa unatetemeka mpaka mutumbwi unayumba. Nilikwambia, usiogope, ndugu yangu amekuombea."

Sikukumbuka. Naapa sikukumbuka mpaka aliposema, na sasa siku haipiti sisikii.

Nilingoja anipige. Nilingoja anitukane, aniite mbwa mbele ya wajukuu. Aliokota mutego wake, akasuka mpaka jua likahama, halafu akaita chakula, kwa sababu mutu aliyetembea siku tatu lazima ale. Aliyeleta alikuwa yule bibi mudogo, mama muzima sasa, na kwenye vifundo vya mikono alama za kamba bado zinang'aa. Munajua kwetu wanaume wanakula katika sinia moja, mukono kwa mukono, na mupita njia ambaye hakuna anayejua alikotoka ndiye anayewekewa chake kando. Mama aliweka sinia katikati yetu. Lukamba akasikia lilipowekwa, akatikisa kichwa, akamwambia, "Mugawie peke yake."

Akarudi na sahani. Ugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki mumoja wa Luama. Nilikula nikiwa nimegeukia ukuta. Lukamba alingoja mpaka nilipomaliza, ndipo akanawa mikono, akavuta sinia lake karibu.